Shaka Mbele ya Wali: Utoaji wa Hukumu Chini ya Amri ya 1897 Unguja na Pemba

Utangulizi

Historia ya serikali mara nyingi huandikwa kutoka juu kuteremka chini. Twasoma habari za masultani na mabalozi, za mikataba waliyoitia sahihi na amri walizozitangaza, kana kwamba amri ikishapigwa muhuri imekwisha kutendeka. Lakini amri haijitendi yenyewe. Hufika siku ambapo mtumishi mmoja, asiye na cheo kikubwa, huketi mbele ya watu wawili wanaopingana, mmoja akisema hivi na mwingine akisema vile, wala hapana hati ya kumsaidia kujua mkweli ni nani. Juu ya hayo, hana ruhusa ya kunyamaza. Sharti aseme neno, na neno lake ndilo litakaloandikwa.

Mwaka 1980 mtaalamu wa elimu ya siasa wa Marekani, Michael Lipsky, alitoa hoja kwamba kwa raia wa kawaida siasa ya serikali si yale yaliyoandikwa katika sheria, bali ni yale yanayoamuliwa kila siku na watumishi wanaokutana na watu ana kwa ana: polisi, walimu, makarani, mahakimu wadogo. Lipsky alikuwa akiitazama miji ya nchi yake. Hata hivyo hoja yake yaweza kutufaa sisi tunaoichunguza historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kwa sababu hapa petu yako mambo makubwa yaliyoamuliwa katika vyumba vidogo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja la namna hiyo, nalo ni utekelezaji wa amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hali ya kisheria ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Swali letu ni hili: je, mawali, makamishna na makarani waliopewa kazi hiyo walifanyaje pale ambapo hawakujua? Nitajaribu kuonyesha kwamba hawakuweza kuiondoa shaka. Walichoweza ni kuihamisha tu, na kila walipoihamisha ilimwelemea mtu fulani.

Kanuni ya kadhi

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba shaka haikuingia Unguja pamoja na Waingereza. Makadhi wa pwani, wa madhehebu ya Kishafi na ya Kiibadhi, walikuwa wameizoea kwa karne nyingi. Mtu aliyesemekana kuwa ni mtumwa aliweza kusimama mbele ya kadhi akadai kwamba yeye ni huru, na kadhi hakuwa na daftari la kufunua.

Lakini kadhi alikuwa na kanuni. Katika elimu ya fikihi asili ya mwanadamu ni uhuru, na utumwa ni jambo la kuzuka linalohitaji kuthibitishwa. Mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana wazazi wake, huhesabiwa kuwa huru. Tena iko ile kanuni mashuhuri ya mahakama za Kiislamu kwamba mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi, na mwenye kukana ndiye aapaye. Kwa hiyo, mizani ilipokuwa sawasawa, kadhi alijua upande upi wa kuielekeza.

Sisemi kwamba kanuni hiyo ilifuatwa daima. Mnyonge alitakiwa kwanza afike mbele ya kadhi, na kufika kwenyewe kulikuwa safari ndefu kwa mtu wa shamba. Mashahidi nao walikuwa majirani na jamaa za bwana. Hata hivyo kanuni ilikuwapo, na ilikuwa imetamkwa wazi: asiyejua na ahukumu upande wa uhuru. Kanuni hii twapaswa kuiweka moyoni tunapoingia katika habari za 1897.

Amri na maswali yake

Amri iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed mnamo tarehe 6 Aprili 1897 haikutangaza kwamba watumwa wote wamekuwa huru. Ilisema kwamba tangu wakati huo mahakama za wilaya hazitatambua haki yoyote ya mtu juu ya mwili, kazi au mali ya mwenziwe kwa sababu ya utumwa. Aliyetaka uhuru wake utambuliwe rasmi alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani. Mahakama hizo ziliongozwa na mawali wa Sultani, na serikali iliweka makamishna wa Kizungu wa kuziangalia: J. T. Last huko Unguja na J. P. Farler huko Pemba.

Amri hiyo iliwapa watumishi hawa maswali mengi ya kujibu. Bwana aliyepoteza mtumwa angeweza kudai fidia, iwapo alimmiliki kwa halali kwa mujibu wa amri zilizotangulia. Aliyepewa uhuru naye alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angeweza kutangazwa kuwa mzururaji. Masuria waliwekwa kando: walihesabiwa kama wake wa nyumbani, nao hawakuweza kudai kuachana na mabwana zao ila kwa sababu ya ukatili.

Msomaji atazame jinsi maneno hayo yanavyoonekana mepesi katika karatasi. Halali, makazi, riziki, suria, ukatili: kila neno ni swali, na kila swali lilimngoja wali mezani pake.

Tatizo la tarehe

Tuanze na neno halali. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe kwa bahari. Mwaka 1889 Sultani Khalifa alikubali kwamba watu wote watakaoingizwa katika nchi zake baada ya tarehe 1 Novemba mwaka huo watakuwa huru, na kwamba watoto wote watakaozaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1890 watakuwa huru vilevile. Basi mtu aliyevushwa kutoka bara mwaka 1880 alivushwa kinyume cha mkataba, na aliyevushwa mwaka 1891 alikuwa mtu huru tangu alipokanyaga mchanga wa kisiwani.

Jambo hili halikuwa dogo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Baada ya hapo kilimo cha karafuu kilipanuka Pemba, na mashamba yakahitaji mikono katika miaka ile ile ambayo njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku. Ni dhahiri kwamba wengi wa waliofanya kazi huko waliingizwa kwa siri usiku, katika majahazi yaliyokwepa doria.

Je, wali angejuaje nani aliingia lini? Watu hawakuhesabu miaka kwa kalenda ya mikataba. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo. Mwaka wa wakulima na mabaharia ulihesabiwa kwa jua, tangu Siku ya Mwaka. Ile Januari mosi ya 1890, iliyotenganisha mtoto huru na mtoto mtumwa, iliangukia katika Mfungo Nane wa mwaka 1307 wa Hijra, siku isiyokuwa na alama yoyote kwa mama aliyekuwa akijifungua shambani. Mahakama zilipoanza kazi, mtoto wa mpakani alikuwa na miaka saba na miezi mitatu. Ni nani awezaye, kwa kumtazama mtoto usoni na kumhesabia meno, kusema kwa yakini kwamba ana miaka saba na wala si minane? Bila shaka watu walikumbuka kwa matukio: kimbunga, kufa kwa sultani fulani, mwaka wa ndui, siku ya mizinga ya Agosti 1896. Lakini kumbukumbu ya bwana na ya mtumwa kuhusu tukio lile lile hazikuwa na sababu ya kufanana.

Kulifuatia swali hili kwa ukali kungaliwanyima fidia mabwana wengi, na serikali ya Waingereza ilikuwa ikiogopa kuwaudhi wenye mashamba na kuyaharibu mavuno ya karafuu, ambayo yaliilisha hazina. Tena amri yenyewe ilikuwa imekwisha kuchagua upande. Ilisema kwamba dai la bwana lipelekwe kwa Waziri Mkuu wa Sultani, isipokuwa pale ambapo mahakama imeridhika kwamba linastahili kukataliwa. Yaani wali asiyejua alitakiwa kulikubali. Hapa ndipo ile kanuni ya kadhi ilipogeuzwa juu chini. Zamani aliyedai kummiliki mtu ndiye aliyetakiwa kuleta ushahidi. Sasa mashaka yakawa faida yake.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mtu aliyekuwa huru kwa mkataba wa 1889 aliweza kwenda mahakamani kuomba uhuru, na kwa tendo hilo la kuomba akaandikwa kwamba alikuwa mtumwa halali, na fidia yake ikalipwa. Ili apewe haki aliyokwisha kuwa nayo, ilimbidi kwanza akubali kwamba hakuwa nayo.

Majina ya utumwa

Shaka ya pili ilikuwa ya lugha, nayo yatuhusu sisi zaidi kuliko wanahistoria wengine. Amri ya 1897 ilitambua watu wa namna mbili, mtumwa na huru. Kiswahili kilikuwa na daraja nyingi kati ya hao wawili, kama anavyoweza kuona kila asomaye maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa mwaka 1903. Mjinga alikuwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala adabu za pwani. Mkulia aliletwa akiwa mtoto, akakulia pwani. Mzalia alizaliwa hapo hapo. Mtwana na mjakazi walitofautiana kwa jinsi na kwa kazi. Kibarua alikuwa mtumwa aliyekodishwa kwa ujira wa siku, akagawana na bwana wake. Suria alikuwa jambo jingine kabisa.

Neno hadimu nalo lilikuwa mtego. Kwa maana moja lilikuwa mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake, naye bado amefungwa kwake kwa heshima na utiifu. Kwa maana nyingine, Wahadimu ni wenyeji wa Unguja, watu wa Makunduchi na mashamba ya kusini na mashariki, ambao hawakupata kuwa watumwa wa mtu. Mkalimani mvivu angeweza kuzichanganya maana hizi kwa neno moja tu.

Hapo twapaswa kumtazama Kamishna Last. Kabla ya kuajiriwa na serikali alikuwa mmishenari huko bara, na mwaka 1885 alichapisha kitabu cha orodha za maneno ya lugha nyingi za Afrika ya Mashariki. Alikwisha kuandika pia sarufi za Kikamba na Kikaguru. Farler naye alikuwa mmishenari wa Magila kwa miaka mingi. Kwa hiyo haikosi kuwa masikio yao yaliweza kutambua mengi: mtu atamkaye hivi ametoka pande fulani, na alifika pwani akiwa mtu mzima au mtoto. Lakini taarifa walizozipeleka kwa wakubwa wao ziliandikwa kwa Kiingereza, na mjinga, mkulia, mzalia na kibarua wote waliingia humo kwa neno moja. Waziri na balozi walisoma idadi ya watu walioachwa huru. Shaka iliyokuwa imejaa chumbani kwa wali ilikuwa imekwisha kupotea katika tafsiri.

Mwanamke asiye na hati

Hapana mahali ambapo shaka ilikuwa nzito kama katika shauri la suria. Nikaha ina mashahidi, mahari na khutba. Usuria haukuwa na hata kimoja. Bwana alimchukua mjakazi wake, na hiyo ilitosha. Akizaa naye, mtoto alikuwa huru na wa halali, na mama hakuweza kuuzwa tena, akawa huru bwana alipokufa. Asipozaa, hapakuwa na ithibati ila maneno ya watu wa nyumba.

Sasa fikiri, msomaji, mjakazi amekwenda mahakamani kudai uhuru wake, na bwana amekuja nyuma yake akisema, huyu ni suria wangu. Ikiwa ni mjakazi, wali hana budi kuutambua uhuru wake. Ikiwa ni suria, atarudi nyumbani, isipokuwa athibitishe kwamba alitendewa ukatili, na ukatili wa ndani ya nyumba hauna shahidi. Neno moja la bwana laweza kumwondoa mwanamke katika sheria moja na kumtia katika nyingine. Wali mwenyewe alikuwa mwanamume mwenye nyumba, na yamkini alikuwa na masuria wake. Si lazima tumdhanie uovu. Yatosha kujua kwamba alipokuwa hana yakini alikuwa na mazoea, na mazoea yake yalikuwa ya upande mmoja. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Hali hii ilidumu miaka kumi na miwili. Ilikuwa ni amri ya 1909, wakati wa Sultani Ali bin Hamoud, iliyowaingiza masuria katika haki sawa na wengine na kuwekea fidia ukomo wa mwisho wa mwaka 1911.

Njia za kukwepa hukumu

Watumishi hao walikuwa na njia nyingine ya kuishi na shaka, nayo ilikuwa kufanya hukumu isihitajike. Mtu aliyefika kuomba uhuru aliulizwa atakaa wapi na atakula nini. Alikumbushwa kwamba nyumba aliyoijenga na mihogo aliyoipanda vipo katika ardhi ya bwana. Kisha akashauriwa apatane naye. Huko Pemba Farler alishikilia sana mapatano ya namna hii: mtu abaki shambani, apewe kipande cha ardhi alime chakula chake, na kwa malipo ya hayo amfanyie mwenye shamba kazi siku tatu kwa juma.

Kwa mtumishi, mapatano yalikuwa na baraka zake. Hayakumlazimu kujua nani aliingia lini, wala nani ni nani. Hayakuwa na mshindi wala mshindwa wa kwenda kulalamika kwa wakubwa. Lakini tukiuliza ni nani aliyeubeba mzigo, jibu ni wazi. Mtu alikuja kuuliza kama yeye ni huru, akarudi na siku tatu za kazi. Labda ndiyo sababu mojawapo kwamba katika miaka kumi ya kwanza walioachwa huru na mahakama hawakufika 12,000 katika visiwa viwili vilivyojaa watumwa.

Wengine hawakungoja. Waliziacha mahakama na mashamba pia, wakaenda mjini Ng'ambo, au kwa majirani, au wakavuka hadi Mombasa. Hawa nao waliitumia shaka kwa faida yao, kwa kuwa mahali ambapo hakuna daftari mtu aweza kuanza upya kwa jina jipya. Miaka mingi baadaye, katika hesabu ya watu ya mwaka 1924, zaidi ya watu 33,000 wa Unguja na Pemba waliandikwa kuwa Waswahili, jina ambalo lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Katika hesabu ya 1931 walikuwa kama 2,000 tu. Watu hawakufa wala hawakuhama. Karani aliuliza kabila, akaandika alichoambiwa. Safari hii kalamu ilikuwa ya serikali, lakini jibu lilikuwa la mwenye kuulizwa.

Ng'ambo ya bahari

Pwani ya Kenya yaweza kutupa kipimo. Mwishoni mwa 1888 George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiingia Mombasa, alikuta watoro wengi wamehifadhiwa Rabai na katika misheni nyingine, na mabwana zao wakiwadai kwa hasira. Hakujaribu kuchunguza kila dai kwa kina. Aliwalipa mabwana kwa jumla, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Hapo shaka ilibebwa na fedha za fidia.

Na ilipotolewa sheria ya 1907 kwa pwani hiyo, hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa mara moja kwa wote. Aliyekuwa na haja ya kwenda mahakamani alikuwa bwana mwenye kutaka fidia. Watumishi walikuwa wa aina ile ile, na ujinga wao wa tarehe na nasaba ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mtu aliyelazimika kutembea hadi mahakamani na kusema, nina haki, nisikilizeni.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtumishi wa chini huamua bila kujua, na kwamba hawezi kulaumiwa kwa kutojua. Wali wa Pemba asingeweza kuufunua mwaka wa kuzaliwa mtoto, wala kuingia katika nyumba ya mtu na kuona yaliyopita. Lakini kutojua si sawa na kutokuwa na upande. Kila ofisi ina kanuni yake ya shaka, imeandikwa au haikuandikwa, na kanuni hiyo ndiyo inayohukumu siku ambazo ushahidi umekosekana, nazo ndizo siku nyingi. Kadhi aliisema yake waziwazi, naye angeweza kulaumiwa kwa kuivunja. Amri ya 1897 iliificha yake ndani ya kifungu cha fidia, na waliosimama mbele ya wali hawakuwa na njia ya kuisoma.

Basi mwanafunzi wa historia anayefungua majalada ya zamani, akikuta orodha safi ya majina, tarehe na mafungu ya fedha, asiuchukulie usafi huo kuwa ni yakini. Na ajiulize: hapa palipokuwa na shaka, ni nani aliyeambiwa arudi nyumbani?